Ndama wa Ng'ombe Weusi

Siku ambayo Kabula aliitwa mwizi mbele ya watu, alikuwa amekwenda mtoni kunywesha ng'ombe wake wawili tu aliobakiwa nao: dume mweusi na ndama mwekundu wa miezi minne. Ilikuwa Septemba, mto umekauka, na watu wa Nsakala walikuwa wamechimba visima kwenye mchanga. Kila mtu alisubiri zamu yake akiwa ameshika kamba ya mnyama wake.

Ndama alikuwa na njaa. Mama yake alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwezi wa saba, na tangu hapo Kabula alikuwa akimlea kwa uji wa mahindi na maziwa ya kuomba, kikombe hapa, kikombe pale. Wakati Kabula anainama kuchota, kamba ilimponyoka. Ndama akapita katikati ya watu mbio, akaenda moja kwa moja kwa ng'ombe mwekundu wa mzee Mika, akaingiza kichwa chini ya tumbo na kuanza kunyonya. Ng'ombe yule hakumpiga teke. Aligeuza shingo, akamnusa mgongoni, kisha akasimama kimya huku maziwa yakitoka povu mdomoni mwa ndama.

"Mmeona?" mzee Mika alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu kwa siku nyingi na sasa amekikuta. "Mmeona wenyewe, jamani? Wiki ya tatu namtafuta ndama wangu. Mwekundu vilevile. Huyo hapo, na mama yake kamtambua."

"Mzee wangu, huyo ni wa kwangu," Kabula alisema. "Ana njaa tu. Mama yake amekufa, wewe mwenyewe ulikuja kuona."

"Mama yake alikuwa mweusi."

"Ndiyo."

"Na dume wako huyu ni mweusi."

"Ndiyo, mzee."

Mzee Mika aliwageukia watu. Alikuwa Mnamwanga, mwenyeji wa bonde mwenye heshima zake, mkulima wa ufuta na mtama, mtu ambaye mwaka ule familia ya Kabula ilipofika bondeni aliwapa debe la mbegu bila kuwauliza watalipa lini. "Nani hapa amewahi kuona weusi wawili wakazaa mwekundu?"

Kutoka nyuma mtu mmoja alisema kwamba hawa wahamiaji wakiondoka na mifugo yao, angalau mto utabaki na maji. Wengine wakacheka. Kabula alisimama na ndoo mkononi, khanga imelowa hadi magotini, akamtazama ndama wake akinyonya kwa pupa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba, katikati ya aibu ile, moyo wake ulifurahi kumwona anashiba.

Kabla ya saa sita mgambo alikuwa ameshamchukua ndama. Mtendaji wa kijiji aliamua akae kwa mzee Mika mpaka baraza la kata lisikilize shauri, kwa sababu huko angalau kulikuwa na maziwa.

Loisi alirudi kutoka shule saa kumi, akamkuta mama yake amekaa mlangoni bila kuwasha moto. Binti huyo alikuwa kidato cha nne katika shule ya kata, akitembea mwendo wa saa moja na nusu kwenda na mwendo huohuo kurudi. Tayari habari alikuwa amezipata njiani.

"Mayu," alisema, akimwita mama kama Wasukuma wanavyomwita, "watatufukuza?"

"Wakisema ni wizi, mkutano wa kijiji utakaa. Wakikaa, unajua watakachosema."

"Tutakwenda wapi?"

Kuhama hakukumwogopesha. Alishahama kutoka Meatu hadi Usangu, na kutoka Usangu hadi huku bondeni Momba, akiwa na mtoto mgongoni na ng'ombe mbele. Wale ng'ombe walikuwa saba walipoanza safari. Alichoogopa ni kingine. Mumewe, Manase, alikuwa amekwenda Mkwajuni kutafuta dhahabu, na huu ulikuwa msimu wa pili hajarudi. Nyumba hii ya udongo ndiyo aliyoiacha. Wakiondoka, siku akiamua kurudi atamkuta nani?

Loisi aliweka mkoba chini, akaokota kijiti. "Mayu, mbona inawezekana. Weusi wawili wanaweza kuzaa mwekundu. Tumesoma mwaka huu."

"Nani anasoma rangi za ng'ombe?"

"Za ng'ombe, za maua, za watu, zote. Sikiliza." Alichora vichwa viwili vya ng'ombe kwenye vumbi. "Kila mnyama amebeba rangi mbili ndani. Moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Sasa nyeusi ni mbabe. Ikiwemo hata moja, mwili wote unakuwa mweusi. Ile nyekundu inakaa ndani, kimya."

"Inakaa tu?"

"Inakaa. Akizaa, anampa mtoto rangi moja kati ya zile mbili. Kama dume kabeba nyekundu ya kujificha, na jike naye kabeba, ndama anaweza kupewa nyekundu huku na nyekundu huku. Hapo hakuna nyeusi ya kuifunika. Anazaliwa mwekundu."

Kabula aliinamia michoro. "Na mtu akimtazama yule mweusi hawezi kujua alichobeba?"

"Kwa macho hawezi. Lazima aangalie watoto wake, au wazazi wake. Unaanza na ndama, unarudi nyuma."

Kabula aligusa kichwa kimoja kwa kidole. "Yule mweusi aliyekufa, mama yake alikuwa mwekundu. Wa bibi yako. Nilimkamua mimi tangu nikiwa msichana, hadi asubuhi ile tunaondoka Meatu. Alitufuata mpaka kwenye miti ya mwisho wa kijiji, mama yangu akaja kumrudisha kwa fimbo." Hakuwa amemtaja mama yake kwa muda mrefu; alikuwa amekufa na kuzikwa miaka mitatu ndipo habari ikawafikia.

"Basi yule mweusi alikuwa kabeba nyekundu, hakuna ubishi," Loisi alisema, macho yakiwaka. "Mwekundu hana rangi nyingine ya kumpa mtoto. Nani mwingine anamjua huyo ng'ombe wa bibi?"

"Baba yako."

Baraza lilikaa Jumanne chini ya bati la ofisi ya kata. Mwenyekiti alikuwa Mbonile, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Pembeni yake walikaa wajumbe wanne, mmoja wao mama mmoja mkali wa maneno aitwaye Elina. Ndama aliletwa pia, amefungwa kwenye nguzo. Wiki moja tu ilikuwa imempa manyoya ya kung'aa. Kabula aliona jinsi mbavu zilivyofunikwa, akashindwa kuamua kama ashukuru au alie.

Mzee Mika alieleza kwa ufupi: ng'ombe wake alizaa mwezi wa tano, ndama mwekundu, jike, hana alama. Alipotea machungani. Huyu ni mwekundu, jike, hana alama, na ng'ombe amemkubali.

Kabula alipoulizwa, alisema ukweli wote, kuanzia siku ndama alipozaliwa. Hakuwa na shahidi: waliompa maziwa walijua ana ndama, lakini hawakuwahi kumwona rangi yake. Alizalisha ng'ombe wake peke yake, Loisi akiwa shuleni.

"Na rangi unaielezaje?" Mbonile aliuliza.

"Mwanangu ataeleza, mwenyekiti. Mimi sikusoma."

Watu walinong'ona. Loisi alisimama na sare yake ya shule, daftari kifuani, akarudia yale aliyoyachora kwenye vumbi. Mjumbe mmoja alipiga mwayo wa makusudi. Mwingine alisema mambo ya darasani yabaki darasani, hapa watu wanazungumzia ng'ombe anayenyonyesha.

"Naomba nimuulize mzee Mika swali moja," Loisi alisema.

"Uliza kwa adabu."

"Shikamoo, babu. Ng'ombe wako mwekundu alipandwa na dume gani?"

Mzee Mika alikunja uso. "Dume gani tena? Dume wenu. Nilimleta mwenyewe kwenye zizi lenu, mama yako akiwepo. Bondeni hapa kuna dume mwingine wa maana?"

"Dume wetu mweusi."

"Ndiyo huyohuyo."

"Na ndama aliyezaliwa alikuwa mwekundu?"

"Mara ngapi niseme? Mwekundu."

"Babu, kama dume wetu angekuwa mweusi mtupu ndani na nje, kila mtoto wake angepata nyeusi kwake. Ndama wako angekuwa mweusi. Kwa kuwa unasema alikuwa mwekundu, basi dume wetu kabeba nyekundu. Wewe ndiye shahidi wetu."

Elina akacheka, kicheko kikubwa kilichowaambukiza wengine. Mzee Mika hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Mbonile aliandika kwa muda mrefu. "Hilo la dume nimelielewa," alisema hatimaye. "Lakini binti, wewe mwenyewe umesema lazima wote wawili wawe wamebeba. Upande wa jike je? Amekufa, na ushahidi wa mama wa marehemu huko Usukumani ni mdomo wa mama yako tu."

"Alishazaa mwekundu kabla," Kabula alisema, akisahau kuomba ruhusa. "Na dume huyuhuyu. Kadume kekundu. Baba Loisi alimuuza mnadani mwaka juzi ili apate nauli ya Mkwajuni. Wakati huo tulikuwa na jike mmoja tu, kijiji kizima kinajua."

"Karatasi ya mnada ipo?"

"Anayo yeye. Hana tabia ya kutupa karatasi."

"Nakala za ofisi zililoa masika," mtendaji alisema bila kuinua macho.

Mbonile alifunga daftari. "Nawapa wiki mbili. Mlete karatasi, au mlete mtu."

Simu ilikuwa ya Jenista, mwenye duka, na mtandao ulipatikana kwenye kichuguu nyuma ya shule tu. Kabula alioga kabla ya kwenda. Alivaa gauni la kanisani. Loisi aliliona hilo.

Kwa siku mbili namba haikupatikana. Siku ya tatu iliita.

"Haloo," Manase alisema. Nyuma yake mashine ya kusagia mawe ilikuwa ikinguruma.

"Ni mimi."

"Kabula? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Tuko na shauri." Alimweleza, haraka, kwa Kisukuma, akijua salio ni dogo. Manase aliuliza maswali ya mfugaji: ndama ni jike? pembe zinaelekea wapi? mkia una weupe nchani? Kabula alijibu moja moja. Sauti ya mumewe ilikuwa imelainika, kama zamani walipokuwa wakihesabu mifugo ikiingia zizini jioni.

"Mwekundu wa aina gani?" aliuliza. "Wa udongo, au wa ng'ombe wa mama yako?"

"Wa ng'ombe wa mama yangu."

Alimsikia akivuta pumzi. "Kwa hiyo alikuwemo muda wote."

"Alikuwemo."

"Stakabadhi ninayo. Nitaituma kwa kondakta wa basi, ishuke Mlowo, bodaboda waimalizie."

Kabula alishika simu kwa mikono miwili. "Baraza limesema karatasi au mtu. Ungekuja mwenyewe."

Mashine ilinguruma. "Shimo letu limefika kwenye maji. Tunasubiri pampu. Nikiondoka sasa, wenzangu watagawana nisipokuwepo. Miaka miwili, Kabula. Nije mikono mitupu?"

Alitaka kumwambia kwamba mikono ndiyo aliyokuwa akiitaka, hivyohivyo ilivyo. Alikuwa amelipanga neno hilo tangu alipokuwa akioga. Alifungua kinywa, na simu ikakatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Jenista, akipokea simu yake, aliuliza, "Amesema anakuja?"

"Amesema analeta karatasi."

"Haya, hata karatasi ni kitu," Jenista alisema, akafuta kioo cha simu kwa upindo wa khanga.

Bahasha ilifika siku kumi na moja baadaye, mchana wa jua kali, mikononi mwa dereva wa bodaboda aliyejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Ilikuwa bahasha ya kaki iliyokwisha kutumika, jina la mtu mwingine limekatwa kwa kalamu. Ndani mlikuwa na stakabadhi ya ushuru wa mnada, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kutoboka.

Loisi aliisoma kwa sauti. "Muuzaji, Manase Shija. Ndama mmoja. Dume. Rangi nyekundu. Kijiji, Nsakala." Kulikuwa na mhuri na sahihi mbili. "Mayu, ndiyo hii! Tumepona!"

"Na nyuma?"

Loisi aligeuza. "Nyuma hakuna kitu."

"Tazama vizuri kwenye bahasha."

Binti alitazama, akatikisa, akachana pembeni kabisa. Vumbi jekundu la mgodini lilimwagika kidogo kwenye kiganja chake. Kabula aliichukua bahasha, akaipeleka mwangani, akachungulia mwenyewe ingawa hakujua kusoma. Kisha akaikunja taratibu na kuitia kwenye sanduku la nguo, pamoja na gauni la kanisani. Stakabadhi alimwachia Loisi.

Siku ya hukumu Mbonile alikuwa amemwalika bwana mifugo wa kata. Huyo alisikiliza, akaitazama stakabadhi, akasema kwamba binti hajakosea. Yeye mwenyewe alifundishwa hayo chuoni, na ng'ombe aliyefiwa au kupotelewa na ndama, huku kiwele kimejaa, huweza kumpokea mgeni.

"Kwa hiyo unasema huyu ni wa mama Loisi?" Elina aliuliza.

"Nasema kwamba rangi yake haimfanyi kuwa wa mzee Mika. Dume kabeba nyekundu, jike kabeba nyekundu. Katika uzao wao, kama mmoja kwa kila wanne hutarajiwa kutoka hivyo. Wao wamepata wawili. Inatokea."

Wajumbe walishauriana kwa muda usiozidi wa kunywa maji. Mbonile alisoma: madai ya wizi hayakuthibitika, ndama arudishwe kwa Kabula, kila upande ubebe gharama zake. Hakusema pole. Hakuna aliyesema pole. Yule aliyesema maneno ya mto kubaki na maji alikuwa amekaa palepale nyuma, akichokonoa meno.

Mzee Mika ndiye aliyefungua kamba kwenye nguzo. Alimkabidhi Kabula bila kumtazama. "Mimi wangu nilimpoteza kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutunga."

"Najua, mzee," Kabula alisema. "Sikusema umetunga."

Alimwongoza ndama hadi nyumbani. Usiku kucha ndama alilia, na kutoka ng'ambo ya mashamba ya mtama ng'ombe wa mzee Mika alimjibu. Siku ya tatu alikuja Imelda, mke wa mzee, na kibuyu kitupu mkononi. Alizunguka sana kabla ya kulisema lililomleta: ng'ombe amegoma. Bila ndama kumchokoza hashushi maziwa, na wana mjukuu mchanga, mama yake yuko Tunduma anauza mitumba mpakani.

"Mumeo kakutuma?" Kabula aliuliza.

"Hajui kama nimekuja. Anajua, lakini hajui."

Kabula alimtazama yule mama aliyekuwepo kisimani siku ile na hakusema neno. Angeweza kumrudisha na kibuyu chake. Alikwenda zizini, akafungua kamba. "Asubuhi na jioni," alisema. "Ndama anyonye matiti mawili, nyinyi mkamue mawili. Na anarudi kulala kwangu."

Mvua zilianza wiki ya mwisho ya Novemba, Loisi akiwa ameshamaliza mtihani. Bonde liligeuka kijani kwa siku tano. Jumapili moja baada ya ibada, Kabula alimwambia binti yake achukue karatasi na kalamu. Kulikuwa na lori la mahindi linaloondoka kesho kupitia Mbalizi, na dereva aliahidi kufikisha barua Mkwajuni.

Loisi aliandika salamu, akasubiri.

"Mwambie tumeshinda shauri."

"Nimeandika."

"Mwambie mtihani umefanya. Kwamba swali la rangi lilikuwemo."

Loisi alitabasamu akiandika. "Lilikuwemo la maua ya njegere. Nimeandika."

Kabula alitazama nje. Ndama alikuwa akirudi kutoka kwa akina mzee Mika, tumbo limejaa. Alijua njia mwenyewe sasa. "Mwambie..." alianza. Loisi hakuinua kichwa.

"Niandike aje nyumbani, mayu?"

"Usiandike hivyo."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba nyasi za mtoni zimefika magotini."

Kalamu ilikwaruza. "Hayo tu?"

"Na kwamba huyu ndama hajapewa jina. Watu wananiuliza, nawaambia mwenye kutoa majina hayupo."

Loisi aliandika. Mwishoni alimpa mama yake kalamu, akamwonyesha mahali. Kabula, ambaye hakuwahi kuandika kitu chochote, aliishika kama anavyoshika sindano, akachora mstari mmoja mfupi chini ya maneno yale. Aliutazama, akaona uko peke yake. Akachora mwingine pembeni yake.

"Hiyo ni nini?" Loisi aliuliza.

"Ikunje tu," Kabula alisema. "Lori linaondoka mapema."